Kuishi Kwako Ukiwa na Ulemavu: Namna ya Kupanga Msaada Mtaani

Watu wengi wanapomsikia mtu mwenye ulemavu akisema kwamba anataka kuhama kwa wazazi na kuishi kwake, huuliza papo hapo ni nani atakayemwogesha na ni nani atakayempikia. Swali hilo ni halali, lakini limeanzia mwisho. Linalopaswa kutangulia ni kujua nani ataamua saa ya kuoga na chakula kitakachopikwa, kwa sababu hakuna binadamu, hata mwenye viungo vyote kamili, anayechimba kisima chake, akashona nguo zake na kusaga unga wake kwa mikono yake mwenyewe. Sote tunasaidiwa, tofauti ni kwamba wengine huchagua msaada wao na wengine hupangiwa. Mwongozo huu ni kwa wale wanaotaka kuchagua, na kwa ndugu zao wanaotaka kuwasaidia wachague, na umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania, ambako huduma zipo lakini zimetawanyika, na mtu asipozikusanya mwenyewe hazimfuati nyumbani.

Msingi wa kisheria upo, na ni vema uujue kabla hujaingia ofisi yoyote. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao sawa na mtu mwingine yeyote, na kwamba anastahili kupata huduma za msaada katika jamii ili asitengwe. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010. Huhitaji kukariri vifungu. Inatosha kwamba unapokaa mbele ya ofisa unajua kuwa unadai jambo lililoandikwa, wala huombi fadhila.

Anza na daftari la siku

Nunua daftari la kawaida, na kwa muda wa wiki moja andika kila unachofanya tangu unapofungua macho mpaka unapolala, pamoja na saa. Kama huandiki, mtu akuandikie au ujirekodi kwa simu. Chora safu tatu: yale unayoyafanya peke yako, yale unayoyafanya ukiwa na kifaa, na yale yanayohitaji mkono wa mtu mwingine. Usiache hata jambo dogo, kwa maana mipango mingi huharibika kwenye madogo: kugeuka kitandani usiku, kuchaji simu iliyodondoka uvunguni, kufungua geti, kusoma ujumbe wa LUKU ya umeme, kumsikia mgeni anayebisha hodi.

Mimi natumia kiti mwendo tangu nilipoumia uti wa mgongo, na daftari langu la kwanza lilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Kuvaa soksi na viatu peke yangu kulinichukua dakika 25, na nilijivunia jambo hilo sana. Lakini nilipotazama safu ya asubuhi niliona kwamba dakika hizo ndizo zilizonifanya nichelewe kazini na kukosa kunywa chai. Nikaamua mtu anivishe viatu, na nguvu zangu nizihifadhi kwa safari ya kutoka barabarani mpaka ofisini, ambayo hakuna aliyeweza kunifanyia. Uamuzi kama huo ni wako, na daftari ndilo litakalokuonyesha mahali pa kuufanya.

Mwisho wa wiki jumlisha saa za safu ya tatu. Mtu anayedhani anahitaji kuangaliwa mchana kutwa mara nyingi hugundua kwamba anahitaji saa mbili asubuhi, saa moja jioni, na jirani mmoja wa kupigiwa simu usiku. Hesabu hiyo ndiyo utakayoitumia katika kutafuta msaidizi, na ndiyo itakayomtuliza mama yako anayeamini kwamba utakufa siku utakayolala peke yako.

Ofisi za kuanzia

Mlango wa kwanza ni serikali ya mtaa, au ya kijiji kwa walio vijijini. Jitambulishe kwa mwenyekiti na kwa mtendaji, hakikisha umeandikwa katika daftari la wakazi, na uliza kama wanayo orodha ya watu wenye ulemavu ili jina lako liingizwe. Uliza pia kuhusu kamati ya watu wenye ulemavu, kwa sababu kamati hizo zinatakiwa kuwapo kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji kwenda juu, na mahali zinapofanya kazi ndizo zinazojua nani amepata nini na kwa njia ipi. Omba barua ya utambulisho, kwani karibu kila ofisi utakayoiendea baadaye itaidai.

Kutoka hapo nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Wapo katika halmashauri, na baadhi ya kata wanaye wao. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika safari hii, kwa kuwa ndiye anayeandika taarifa ya hali yako, anayekupeleka hospitali yenye huduma za utengemao, yaani za kurudisha uwezo wa mwili, na anayeweza kuzungumza na familia isiyokubaliana na uamuzi wako. Beba namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, barua ya mtaa, picha ndogo mbili, na taarifa ya daktari inayoeleza si jina la ugonjwa tu, bali mambo unayoweza na usiyoweza kuyafanya. Ukifika, zungumza mwenyewe. Kama una mtu aliyekusindikiza na ofisa anamtazama yeye badala yako, mwombe aliyekusindikiza anyamaze, kisha ujibu wewe. Ombi lolote liandike, toa nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Nimeshuhudia faili la mtu likipotea mara mbili katika ofisi moja, na kilichomwokoa ni karatasi ile iliyochakaa yenye muhuri, aliyokuwa akiitunza ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa mtu kiziwi, ziara hiyo inahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na ni vema kumpanga mapema kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, badala ya kumtegemea mtoto wa nyumbani atafsiri mambo ya mama yake. Mtoto huona aibu na huruka maneno, nayo maneno aliyoyaruka ndiyo hasa daktari au ofisa alihitaji kuyasikia.

Tafuta aliyetangulia

Hakuna ofisa wala daktari atakayekufundisha kile atakachokufundisha mtu mwenye ulemavu kama wako aliyeishi kwake miaka kumi. Vyama vipo. Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, ndilo linaloviunganisha, na ukiuliza katika halmashauri yako utaelekezwa tawi la karibu. Wasioona wana chama chao cha TLB, wenye ulemavu wa viungo wana CHAWATA, wenye ualbino wana TAS, na walioumia uti wa mgongo wana KASI kule Kilimanjaro. Usiende kwenye chama ukitarajia kugawiwa vitu. Nenda ukatafute mtu, ukae naye nusu siku nyumbani kwake, uone anavyopika, anavyojihamisha kutoka kitandani, anavyohesabu noti, anavyofua.

Nilijifunza kujihamisha kwa njia hiyo. Mwenzangu alisogeza kiti chake kando ya kitanda kikawa kimeinama kidogo kukielekea, akafunga breki zote mbili, akashusha miguu yake sakafuni, akaweka ubao uliopigwa msasa laini kati ya kitanda na kiti, kisha akainamisha kichwa upande wa kulia huku nyonga zikienda kushoto. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kichwa na makalio huenda pande mbili tofauti, na kwamba uzito wa mwili, ukiuelekeza, unafanya nusu ya kazi. Nilikuwa nimeelezwa jambo hilo wodini mara nyingi, lakini sikuwahi kuliona likifanywa na mtu aliyekuwa anawahi kwenda sokoni.

Kifaa kinachokufaa wewe

Kifaa kibaya ni hatari kuliko kukosa kifaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumizwa na wema. Viti mwendo vingi vinavyotolewa kwenye hafla ni vile vya kusukumia wagonjwa kwenye korido za hospitali: vizito, vyenye magurudumu madogo ya mbele ambayo huzama kwenye mchanga, na vya kipimo kimoja kwa watu wote. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 2008 ikieleza kwamba kiti mwendo ni lazima kipimwe mwilini mwa mtumiaji, kirekebishwe, na mtumiaji afundishwe kukitumia na kukitunza. Ukipelekwa mahali wanapokukabidhi kiti bila kukupima, omba upimwe.

Vipimo vya msingi unaweza kuvikagua mwenyewe. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga zako, kwa sababu kiti kipana kinakufanya uegemee upande mmoja na kupinda mgongo. Ukiwa umekaa hadi nyuma kabisa, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili. Miguu itulie vizuri juu ya vikanyagio, na mapaja yalale juu ya mto bila magoti kupanda juu. Chagua kiti chenye tairi za upepo za ukubwa unaopatikana madukani, ili fundi baiskeli wa mtaani aweze kuziba pancha na kubadilisha spoku. Kiti kizuri ambacho bomba lake la tairi halipatikani hapa nchini kitakuwa stoo baada ya miezi sita.

Mto ni sehemu ya kiti, si pambo. Mtu asiyehisi makalio yake hupata vidonda vya mgandamizo bila kujua, na vidonda hivyo vimewaua watu ambao ajali yenyewe haikuwaua. Kila baada ya nusu saa inama mbele mpaka kifua kikaribie magoti, au egemea upande mmoja kisha mwingine, damu ipate kupita. Kila jioni kagua makalio, visigino na vifundo vya miguu kwa kioo cha mkononi. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, usikalie sehemu hiyo mpaka ngozi irudi hali yake, hata kama ni siku ya harusi ya mdogo wako.

Huduma za kupima na kutengeneza vifaa hupatikana katika hospitali kama CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, na KCMC mjini Moshi, ambako pia kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Asiyeona apimiwe fimbo nyeupe kutoka sakafuni mpaka kifuani, na afundishwe kuitumia na mtu anayejua, kwa kuwa fimbo bila mafunzo ni mti tu. Anayepewa shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia, aulize betri zinauzwa wapi kabla hajatoka mlangoni. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apate mafuta ya kujikinga na jua, ambayo pale KCMC hutengenezwa kwa jina la Kilisun, na apimwe ngozi mara kwa mara hata asipoona kidonda.

Nyumba

Dalali atakwambia kwamba nyumba haina ngazi. Usimwamini, nenda na kiti chako, au na fimbo yako, na uingie mwenyewe mpaka chooni. Beba futi kamba. Mlango uwe na uwazi wa walau sentimita 80. Kizingiti kisikukatishe tamaa, kwa sababu kinaweza kumalizwa kwa mteremko wa saruji: kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za urefu, hivyo kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Mafundi wengi hufupisha wakidhani wanakuokolea saruji, na matokeo yake ni mwinuko ambao hata mtu mwenye mikono imara haupandi bila kusukumwa. Saruji ikiwa bado mbichi ipigwe mistari kwa ufagio ili tairi lisiteleze mvua inaponyesha.

Choo ndicho huamua kama utaishi hapo au utahama. Nyumba nyingi za kupanga zina choo cha kuchuchumaa nje, cha kuchangia. Fundi wa kuchomea anaweza kukutengenezea kiti cha chuma chenye miguu minne na tundu katikati, cha kimo sawa na kiti chako, kinachowekwa juu ya shimo na kuondolewa wengine wanapotaka kutumia. Mwambie aweke mpira chini ya miguu yake, na achomelee bomba la kushikia ukutani upande wa mkono wako wenye nguvu. Kwa asiyeona, kinachohitajika ni kamba au ukuta unaoongoza kutoka mlango wa chumba mpaka chooni, na makubaliano na wapangaji wenzake kwamba ndoo na baiskeli havitaachwa njiani. Kiziwi anaweza kuunganishiwa kengele ya mlango inayowasha taa, kazi ambayo fundi umeme wa kawaida huimaliza kwa muda mfupi.

Mabadiliko hayo yote yaandikwe kwenye mkataba wa pango kabla hujalipa, hasa pale unapodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Andika nani analipia, na kama vitu ulivyoongeza utaviacha au utaviondoa ukihama. Wapo wenye nyumba watakaokukataa. Mmoja aliniambia wazi kwamba mpangaji mwenye kiti mwendo huleta mikosi, na nilitoka pale nikiwa nimeumia sana. Ukikutana na jambo la namna hiyo, mweleze mwenyekiti wa mtaa na wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya nyingi na hutoa msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Lakini endelea kutafuta nyumba nyingine wakati shauri linashughulikiwa.

Msaidizi

Mwaka 1972, katika mji wa Berkeley nchini Marekani, kundi la watu wenye ulemavu, akiwamo Ed Roberts aliyepooza kwa polio na kulala ndani ya mashine ya kupumulia, lilianzisha kituo ambacho wao wenyewe walichagua wasaidizi, wakawafundisha na wakaweza kuwaachisha kazi. Kabla ya hapo msaidizi alikuwa mtu wa hospitali au wa familia, na mgonjwa alitii. Jambo hilo bado ni geni kwetu, ambako msaidizi kwa kawaida ni mama, dada, mke, au binti aliyeletwa kutoka kijijini bila kuelezwa anakuja kufanya kazi gani. Lakini linawezekana hata kwa kipato kidogo, ukilipanga.

Chukua safu ya tatu ya daftari lako uigeuze kuwa maelezo ya kazi. Mfano: saa 12 asubuhi mpaka saa 2, kunisaidia kuoga, kuvaa, kubadilisha mfuko wa mkojo, kuteka maji ndoo tatu, kuchemsha chai, jioni saa 1 mpaka saa 2, kupika na kunipandisha kitandani. Msaidizi wa saa tatu kwa siku si lazima alale kwako, na anaweza kuwa mama wa jirani anayeuza vitumbua mchana. Mweleze mapema, bila kuona haya, mambo ya mwilini: kwamba atashika mpira wa mkojo, kwamba atasafisha choo. Anayesita aseme siku ya kwanza, wala usimlaumu. Mpe wiki moja ya majaribio yenye malipo. Mkikubaliana, andikeni mkataba wenye kazi, saa, mshahara usiopungua kima cha chini cha serikali, siku ya mapumziko na muda wa taarifa ya kuacha kazi. Ndugu naye, kama anafanya kazi hiyo kila siku, anastahili mapumziko na shukrani inayoshikika.

Mfundishe mwenyewe. Mwambie asisukume kiti bila kuuliza, asimshike mkono mtu asiyeona na kumvuta, bali atoe kiwiko chake kishikwe. Asijibu swali uliloulizwa wewe. Abishe hodi hata kama mlango uko wazi. Mwonyeshe namna ya kunyanyua kwa kupiga magoti na kunyoosha mgongo, kwani msaidizi aliyeumia kiuno hatarudi kesho. Asipoelewa, rudia kwa upole, na yeye akikuonyesha njia bora kuliko yako, ikubali.

Jitahidi usimtegemee mtu mmoja tu. Mwenye ufunguo pekee wa nyumba yako na mikono pekee inayokuinua ana mamlaka makubwa juu yako, hata akiwa mtu mwema, na siku akiugua utabaki kitandani. Mfundishe wa pili, hata wa Jumapili tu. Namba ya siri ya simu yako ya kupokelea fedha isijulikane na yeyote kati yao. Kama huwezi kubonyeza mwenyewe, lipa mbele ya mtu wa tatu na ubadilishe namba hiyo mara kwa mara. Kipigo, matusi, kunyimwa chakula, kuguswa usikotaka au kuchukuliwa kadi ya benki si kasoro za kuvumilia kwa sababu utakosa wa kukuogesha. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, na mwenzako wa chama ajue mapema neno mtakalokubaliana kuwa ni ishara ya hatari, ambalo ukilitaja kwenye simu atakuja bila kuuliza.

Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, msaada mkubwa ni wa kuamua. Kusanyeni watu wanne au watano anaowapenda na kuwaamini, mkutane naye kila mwezi, na kila jambo lielezwe kwa maneno mepesi na picha: picha ya chumba hiki na kile, picha ya chakula, kalenda yenye rangi. Mpeni muda. Nyamazeni mpaka ajibu, hata kama kimya kinarefuka. Mama mmoja aliniambia kwamba mwanawe wa miaka 30 hakuwahi kuulizwa anapenda chai yenye sukari au isiyo na sukari, na alipoulizwa aliifikiria kwa muda mrefu, akasema kidogo. Tangu siku hiyo akaanza kutaja mengine.

Fedha, kazi na matibabu

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Muulize idadi ya wanakikundi inayotakiwa kwa sasa na nyaraka za usajili. Omba mkopo kwa biashara unayoijua tayari. Kiasi kinachotosha kununua cherehani na kitambaa cha mwezi mmoja ni bora kuliko mamilioni ya ufugaji wa kuku ambao hujawahi kuufanya.

Kaya maskini zimekuwa zikipata ruzuku kupitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kwa hiyo usikae nyumbani siku ya mkutano, hata kama itabidi ubebwe. Kwa ajira, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Itaje katika barua yako ya maombi kwa heshima, baada ya kueleza ujuzi wako. Wasio na ujuzi wanaweza kuulizia vyuo vya VETA na vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu kama kile cha Yombo, Dar es Salaam. Kuhusu matibabu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na afisa ustawi ndiye wa kumuuliza jinsi wasio na uwezo wanavyotambuliwa.

Barabarani na usiku

Tafuta dereva mmoja wa bajaji, umfundishe kukunja kiti chako na mahali pa kukifunga, mpatane bei ya mwezi, na upate namba ya mwenzake wa akiba. Jijini Dar es Salaam vituo vya mabasi ya mwendokasi vilijengwa vikiwa na mteremko, na sakafu ya kituo inalingana na ya basi, hivyo ni vema kuchagua nyumba iliyo karibu na njia hiyo kama mfuko unaruhusu.

Kwa usiku, ufunguo wa pili ukae kwa jirani mmoja anayejulikana na mwenyekiti wa mtaa. Simu ilale ndani ya mfuko uliofungwa kwenye fremu ya kitanda, mahali mkono wako unapofika ukiwa umelala chali. Filimbi itundikwe hapo hapo, kwa siku ambayo simu imezima. Nyuma ya mlango bandika karatasi yenye herufi kubwa: dawa unazotumia, usivyotakiwa kunyanyuliwa, namba tatu za kupigiwa. Fanyeni zoezi mara moja: piga filimbi saa 5 usiku, uone jirani atachukua dakika ngapi kufika. Langu la kwanza lilichukua dakika 11, kwa sababu mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa kufuli ambalo hakuna aliyelikumbuka. Tulilibadilisha kesho yake, na safari iliyofuata alifika kwa dakika 2.

Baada ya miezi mitatu rudi kwenye daftari, uandike wiki nyingine nzima, kisha uweke kurasa zile mbili kando kwa kando na msaidizi wako akiwa amekaa hapo, mkabadilishe saa na kazi zilizokwishapitwa.